Augusta Savage: sanamu zilizokosa bei ya bronzi

Katika jumba la sanaa ya Marekani la Smithsonian, mjini Washington, kuna sanamu ya mvulana Mweusi, kuanzia kichwa hadi kifuani, yenye urefu wa takriban sentimeta 23. Kavaa kofia ya kitambaa iliyolala upande, shati limekunjamana, kichwa kakiinamisha kidogo, na macho yake yanakupima kama ya mtu aliyekwisha kuusikia uongo wako kabla hujafungua mdomo. Sanamu inaitwa Gamin. Aliitengeneza Augusta Savage mwaka 1929 hivi, akiwa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York. Ukiiona kwa mbali utaapa kwamba ni bronzi, kumbe ni plasta iliyopakwa rangi.

Kwa nini plasta ipakwe rangi ili ifanane na bronzi? Jibu fupi ni pesa. Jibu refu linahitaji tuyafumue maisha ya mwanamke huyu, ambayo husimuliwa mara nyingi kwa mpangilio ambao mimi naona una kasoro: alikuwa na kipaji, ubaguzi wa rangi ukamzibia njia, kazi zake zikapotea, basi akajifariji kwa ualimu. Vipande vya hadithi hiyo ni vya kweli, ila vimepangwa vibaya. Ualimu haukuja mwisho. Na kazi zake hazikupotea kwa bahati mbaya tu.

Tuanze na karakana. Mchongaji wa vinyago vya mpingo huanza na gogo, akapunguza. Patasi ikikosea haina msamaha, lakini siku anapomaliza, kazi imekamilika na itawazika wajukuu zake. Savage alifanya kinyume chake: aliongeza. Alichukua udongo laini, akaubandika kidogo kidogo juu ya kiunzi cha waya na chuma mpaka uso ukatokea. Udongo wa namna hiyo haudumu. Ukikauka hunywea na kupasuka, na hauwezi kuchomwa kwenye tanuri ukiwa na chuma ndani yake. Kwa hiyo msanii hutengeneza kalibu juu ya udongo, kisha humimina plasta ndani ya kalibu hiyo. Kwa kawaida udongo wa mwanzo huvurugika wakati wa kuitoa kalibu, na kinachobaki mkononi ni plasta.

Plasta nayo ni kituo cha njiani. Ni nyeupe, ni nyepesi kuvunjika, hunywa maji ya mvua kama sifongo. Kazi yake ni kumwonyesha mteja au mfadhili sanamu itakavyokuwa. Akikubali kulipa, ndipo hupelekwa kwenye karakana ya kusubu madini. Huko hutengenezwa nakala ya nta, nta hufunikwa kwa tope linalostahimili moto, hupashwa moto mpaka nta iyeyuke na kutoka, na pale ilipokuwa humiminwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikiwa imeyeyushwa kwenye joto linalokaribia au kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Baada ya hapo vipande huunganishwa, hupigwa tupa, hupakwa dawa ya kuleta rangi. Ni kazi ya mafundi wengi, na bili yake humfikia msanii kabla hajauza chochote. Mchoraji maskini akipata turubai na rangi anaweza kumaliza picha yake. Mchongaji maskini wa aina ya Savage huishia katikati, na hiyo katikati ndiyo inayovunjika.

Ukilishika hilo, mambo mengi katika maisha yake yanaeleweka upya.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1892 katika mji mdogo wa Green Cove Springs, Florida, akiitwa Augusta Christine Fells, wa saba kati ya watoto kumi na wanne. Ardhi ya huko ilikuwa na udongo mwekundu uliotumika kutengenezea matofali, na mtoto huyu akaugeuza bata na kuku. Baba yake, Edward Fells, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na kwake Amri Kumi hazikuwa na nafasi ya mjadala: sanamu ni sanamu, hata ikiwa ya bata. Miaka mingi baadaye Augusta alikumbuka kwamba baba yake alimchapa mara nne au tano kwa wiki na karibu autoe usanaa wote mwilini mwake kwa fimbo.

Aliolewa mwaka 1907 akiwa na miaka kumi na mitano, akamzaa binti yake Irene mwaka uliofuata, na muda si mrefu akawa mjane. Mwaka 1915 familia ilihamia West Palm Beach, ambako pwani ni mchanga mtupu na udongo wa kufinyanga haupatikani hovyo. Alikaa bila kufinyanga mpaka alipopata udongo kwa mfinyanzi mmoja wa vyungu. Vitu alivyotengeneza vilimvutia mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa akisoma, naye akamwajiri awafundishe wenzake ufinyanzi kwa dola moja kwa siku. Angalia mpangilio: hajaingia chuo chochote, hajauza sanamu ya maana, hajafika New York, na tayari ni mwalimu anayelipwa.

Mwaka 1919 aliweka meza yake kwenye maonyesho ya wilaya ya Palm Beach, akauza vitu vyake na kupata tuzo. Msimamizi wa maonyesho, George Graham Currie, alimhimiza aende New York na kumwandikia barua ya utambulisho kwa mchongaji Solon Borglum. Kabla ya kwenda huko alijaribu Jacksonville, akitegemea kwamba Weusi wenye uwezo wangemlipa awafinyangie nyuso zao. Hawakumlipa. Alifika New York mwaka 1921 akiwa na dola 4.60 mfukoni. Borglum alipojua kwamba hana ada, alimwelekeza Cooper Union, chuo ambacho wakati huo hakikutoza ada, na huko wakampokea wakimrusha juu ya wanaume 142 waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Kozi ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu. Katikati alipopoteza kibarua cha kutunza jengo la kupangisha, chuo kilimtafutia fedha za kujikimu. Ni jambo ambalo vyuo vingi vya wakati huo visingemfanyia Mweusi yeyote, sembuse mwanamke, na linastahili kutajwa hasa kwa sababu ya kilichofuata.

Mwaka 1923 ilifunguliwa shule ya majira ya kiangazi ya sanaa kwenye kasri la Fontainebleau, Ufaransa, kwa ajili ya wanafunzi wa Kimarekani. Savage aliomba, akakataliwa. Waliomkataa si Wafaransa. Ilikuwa kamati ya Wamarekani saba, wanaume, na sababu ikajulikana: wasichana wazungu kutoka Alabama, waliokuwa nao wamepata nafasi, wasingefurahia kusafiri na kulala chumba kimoja na msichana Mweusi. Kamati ilijieleza kwamba ilitaka kumwepusha yeye mwenyewe na aibu. Hoja ya aina hiyo, ya kukunyima kitu kwa huruma, nadhani inachukiza kuliko tusi la wazi.

Hakukaa kimya. Alikwenda kwenye magazeti, akasema kwamba kaka yake alionekana anafaa kuvaa sare na kwenda kuipigania Ufaransa vitani, ila dada yake hafai kuwa mgeni wa nchi hiyohiyo. W.E.B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za Weusi, na wengine waliingilia. Kamati haikubadili uamuzi. Mmoja wa wanakamati, mchongaji Hermon MacNeil, aliona haya na kumkaribisha ajifunze kwake. Savage alikubali, akafaidika, lakini jina lake sasa lilikuwa limeandikwa mahali pengine pia. Katika jamii ya wenye majumba ya maonyesho na wakusanyaji wa sanaa, waliokuwa wazungu karibu wote, mwanamke aliyewaaibisha wakubwa hadharani hakuwa mtu wa kupewa kazi kwa urahisi. Hilo ni vigumu kulipima, kwa kuwa hakuna anayeandika barua ya kueleza kwa nini hakukualika.

Mwaka huohuo aliolewa na Robert Lincoln Poston, mmoja wa wasaidizi wa Marcus Garvey, kiongozi wa harakati za Weusi. Mwaka 1924 Poston alifariki melini akirudi kutoka Liberia alikokuwa ametumwa na chama chao. Jina la Savage lilitoka kwa mume mwingine, waliyeachana naye kabla ya hapo. Jina likabaki, mume akaenda zake.

Mwaka 1925 ikaja nafasi ya Roma. Chuo cha sanaa cha huko kilimpa ufadhili, ila ufadhili haukubeba nauli wala chakula. Alikuwa akifanya kazi za kufulia nguo, na wazazi wake walikuwa wakimtegemea. Roma hakwenda. Watu wakisimulia habari zake husema alizuiwa na ubaguzi, na Fontainebleau inathibitisha. Roma inaonyesha kizuizi cha pili ambacho hakikuhitaji mbaguzi yeyote chumbani: kupewa mlango bila kupewa njia ya kuufikia.

Ndipo ikaja Gamin. Inasemekana mfano wake ulikuwa mpwa wake. Picha ya sanamu hiyo ilitokea kwenye jalada la jarida la Opportunity mnamo Juni 1929, na mfuko wa Julius Rosenwald ukampa ufadhili wa kwenda Paris. Watu wa Harlem nao walichangishana ili asiende mikono mitupu. Inafaa kujiuliza waliona nini katika kisanamu kidogo hivyo. Katika Marekani ya miaka hiyo sura ya mtoto Mweusi ilikuwa imejaa kwenye makopo ya sabuni, kadi na mabango, midomo imevimbishwa, macho yametolewa, tikitimaji mkononi. Savage hakujibu kwa kutengeneza malaika. Alitengeneza mtoto unayeweza kumkuta kona ya mtaa wa 135, mjanja, amechoka kidogo, na mwenye heshima yake ambayo hakuomba ruhusa kwa mtu kuwa nayo. Nadhani kofia ndiyo inayofanya kazi yote hiyo. Kama ingekaa sawasawa kichwani tungekuwa na mwanafunzi wa picha ya shule.

Paris alisoma Académie de la Grande Chaumière, akaonyesha kazi zake katika maonyesho makubwa ya huko, akazunguka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kwa msaada wa shirika la Carnegie. Alirudi New York mwanzoni mwa miaka ya 1930, akakuta Mdororo Mkuu wa uchumi umekaba kila mtu. Mchongaji huishi kwa kazi za kuagizwa, na waagizaji walikuwa wakiuza samani zao.

Mwaka 1932 alifungua studio yake ya sanaa na ufundi, mtaa wa 143 Magharibi. Kuna wanaoliona hili kama kujisalimisha. Mimi nalisoma tofauti kidogo. Mlango uliachwa wazi, mtoto au mtu mzima akaingia, akakuta udongo na mtu wa kumwelekeza. Miongoni mwa wale walioingia humo na katika vituo vilivyofuata walikuwamo wasanii Jacob Lawrence na Gwendolyn Knight, waliokuja kuoana, Norman Lewis aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa sanaa isiyoiga maumbo, mchongaji William Artis, mapacha wapiga picha Morgan na Marvin Smith, na Kenneth Clark. Huyu wa mwisho hakuwa msanii. Alikuwa mwanasaikolojia ambaye yeye na mkewe Mamie walifanya majaribio ya wanasesere weupe na weusi, yaliyotumika katika kesi ya mwaka 1954 iliyobatilisha kisheria ubaguzi katika shule za umma.

Mwalimu wa sanaa kwa kawaida tunamfikiria akisahihisha mikono iliyochorwa vibaya. Ustadi wa Savage ulienda mbali zaidi ya hapo. Wakati huo serikali ya Roosevelt ilikuwa na mpango wa kuwaajiri wasio na kazi, uliofahamika kwa herufi WPA, na ndani yake kulikuwa na kitengo cha sanaa kilicholipa wachoraji, wachongaji na walimu mshahara wa kila wiki. Swali lilikuwa nani ataandikishwa. Maofisa walikuwa tayari kuamini kwamba Harlem haina wasanii wa kutosha wanaofaa. Savage alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wasanii wa Harlem mwaka 1935, chama kilichobishana na maofisa hao jina kwa jina. Jacob Lawrence alipelekwa na Savage mwenyewe hadi ofisi ya uandikishaji. Wakamwambia kijana hajatimiza umri. Lawrence akaondoka, akayasahau. Savage hakuyasahau: alipotimiza miaka 21 akamfuata tena, akamrudisha palepale, akaandikishwa. Lawrence alisema baadaye kwamba bila mama huyu huenda asingekuwa msanii. Miaka michache tu baada ya hapo, mwaka 1940 na 1941, alichora picha 60 za Uhamaji Mkuu wa Weusi kutoka Kusini kwenda Kaskazini, ambazo leo zimegawanywa kati ya majumba mawili ya sanaa, MoMA ya New York na Phillips Collection ya Washington.

Desemba 1937 kikafunguliwa Kituo cha Sanaa cha Jamii cha Harlem chini ya mpango huo wa WPA, Savage akiwa mkurugenzi wa kwanza, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akahudhuria. Uchoraji, uchongaji, ufumaji, uchapaji, upigaji picha, vyote vilifundishwa bure. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1935, Savage alikuwa amemwambia mwandishi mmoja kwamba hajatengeneza kitu kizuri kweli wala cha kudumu, lakini akiweza kumsukuma hata kijana mmoja kukuza kipaji alichonacho, basi ukumbusho wake utakuwa katika kazi zao. Maneno hayo yamenukuliwa mno, na kila yanaponukuliwa yanasikika kama radhi. Yasomeni tena mkikumbuka karakana. Aliyasema mtu ambaye plasta zake zimejaa rafu na hana pesa ya kuzisubu. Nusu ya kwanza ni malalamiko, ila tumezoea kuiruka tukakimbilia nusu ya pili kwa sababu inatupendeza.

Wakati huohuo aliagizwa kazi kubwa kuliko zote, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939. Alichagua wimbo wa ndugu James Weldon na J. Rosamond Johnson, Lift Every Voice and Sing, ambao Wamarekani Weusi wanauita wimbo wao wa taifa. Alitengeneza kinubi chenye kimo cha karibu mita tano. Nyuzi zake zilikuwa waimbaji kumi na wawili Weusi waliosimama wamepangwa kwa kimo, mikunjo ya kanzu zao ikishuka wima kama nyuzi zilizokazwa. Chini yao palikuwa na mkono wa Mungu uliowabeba, na mbele amepiga magoti kijana akishika noti za wimbo. Waandaaji wakaipa jina jepesi, The Harp, yaani Kinubi. Watu waliipiga picha, ikachapwa kwenye kadi za posta, na vinubi vidogo vya madini vikauzwa kama kumbukumbu ya matembezi.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya plasta, imepakwa rangi ionekane nyeusi na nzito. Maonyesho yalipofungwa, mwenye kazi alipaswa kuisubu au kuihamisha na kuitafutia ghala. Savage hakuwa na pesa ya lolote kati ya hayo. Ikabomolewa kwa tingatinga pamoja na mabanda. Kuna mwelekeo wa kulisimulia tukio hili kama ukatili wa pekee uliomlenga yeye, na ni kweli hakuna aliyejitokeza kuiokoa kazi ya mwanamke Mweusi. Lakini kazi nyingine za plasta za maonyesho hayo zilipondwa vilevile. Mapambo ya maonyesho ya dunia hujengwa yabomolewe. Tofauti ni kwamba mchongaji mwenye mtaji au mfadhili angekuwa na nakala ya bronzi mahali fulani. Kwa Savage, plasta ndiyo ilikuwa kazi yote.

Kinubi kilimgharimu kitu kingine. Alichukua likizo ya ukurugenzi ili akimalize, na alipotaka kurudi kiti kilikuwa na mtu, mshairi na mchoraji Gwendolyn Bennett. Juni 1939 alifungua duka la sanaa ya wasanii Weusi mtaa wa 125, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake nchini. Siku ya ufunguzi aliwaambia waliofika kwamba hawaombi upendeleo kwa sababu ya rangi yao, wanataka kazi zipimwe kwa ubora wake. Watu walijaa kutazama. Wanunuzi hawakutosha, na baada ya miezi michache duka likafungwa.

Mwaka 1945 aliondoka Harlem akaenda kuishi Saugerties, kijijini kaskazini mwa jiji la New York karibu na milima ya Catskill. Alifanya kazi katika maabara ya kampuni kubwa ya kukuza uyoga, akafuga, akaandika, akafundisha watoto wa jirani, na mara mojamoja akafinyanga uso wa mtu. Mwajiri wake, Herman Knaust, alimpa vifaa vya sanaa. Huyu Knaust ndiye aliyegeuza mgodi wa zamani wa chuma, alioununua kwa ajili ya uyoga, kuwa ghala la kuhifadhi nyaraka za makampuni dhidi ya vita vya nyuklia, na ghala hilo likakua kuwa Iron Mountain, kampuni kubwa ya kimataifa ya hifadhi. Ghala lake lilifunguliwa mwaka 1951, zaidi ya miaka kumi baada ya tingatinga kupita juu ya Kinubi.

Savage alifariki New York mwezi Machi 1962 kwa saratani, akiwa karibu na binti yake Irene.

Anayetaka kuandaa maonyesho yake leo hukutana na tatizo la wazi: hazipo sanamu za kujaza ukumbi. Jumba la Cummer la Jacksonville lilipofanya hivyo mwaka 2018, maonyesho yaliyohamia New York mwaka uliofuata, kazi zake ziliwekwa pamoja na za wanafunzi wake, barua na picha. Baadhi ya plasta zilizosalimika zimesubiwa baadaye, ikiwemo sura ya Gwendolyn Knight aliyoifinyanga katikati ya miaka ya 1930, iliyopata bronzi mwanzoni mwa karne hii. Kinubi chenyewe kinajulikana kwa picha na kwa vile vinubi vidogo vya mezani vilivyouzwa kwa watalii wa 1939. Vilisubiwa kwa madini kwa sababu palikuwa na mtu mwenye hesabu ya biashara aliyejua vitanunuliwa, na sasa ndivyo vinavyoingia kwenye makabati ya makumbusho.